Ibada ya Nyumbani kwa Mhindu Mwenye Kazi na Watoto Mwanza: Mwongozo Kamili

Kila baada ya Navratri, sikukuu yetu ya usiku tisa, na tena kila Januari, napokea ujumbe wa aina moja. Mtu ameanza kwa nguvu: anaamka saa kumi usiku, anafanya puja (ibada ya madhabahuni) ndefu, anahesabu mala (tasbihi), anafunga ekadashi (siku ya kumi na moja ya kila nusu ya mwezi) bila hata maji. Wiki ya tatu kila kitu kimesimama. Taa haijawashwa siku kadhaa, na mwenyewe anaona haya kupita mbele ya madhabahu yake. Wanaoandika ni wenye maduka mjini, wahasibu, walimu, wauguzi, akina mama wanaotoka Nyegezi au Buhongwa alfajiri na watoto wa shule mkononi.

Imani yao haina kasoro. Kasoro iko kwenye ratiba. Wameichukua kwa mtu anayeishi Gujarat, India, anayechomozewa na jua kwa saa nyingine, mwenye watu wa kumpikia, asiyekimbizana na daladala. Ratiba ya namna hiyo ukiileta Mwanza jinsi ilivyo, itakushinda tu. Fuata hatua hizi kwa mpangilio, na usiiruke ya kwanza. Wengi wanaoshindwa waliiruka hiyo.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

- Rafu ya ukutani au kabati dogo, upande ambao wewe ukikaa unatazama mashariki. Lisiwe karibu na pazia wala usawa wa dirisha linalopokea upepo wa ziwani.
- Sanamu au picha moja ya mungu mnayemwabudu nyumbani. Moja inatosha kwa kuanzia.
- Taa ya shaba au ya udongo, samli, pamba, kiberiti, na sinia ya chuma ya kuwekea taa.
- Kifuniko kidogo cha chuma cha kuzimia taa.
- Lota (chombo kidogo) ya maji, kengele ndogo, ubani wa vijiti.
- Mala ya punje 108.
- Panchang (kalenda ya Kihindu) kwenye simu, iliyowekwa mji wa Mwanza. Usiiache kwenye Ahmedabad ya India wala Dar es Salaam.
- Kalenda ya ukutani na kalamu, jikoni, mahali ambapo kila mtu anaona.
- Ndoo yenye mfuniko. Bila kuoga hakuna puja, na mgao wa maji hausubiri mtu.

Ukikosa kimojawapo usiahirishe. Gita, andiko letu takatifu, sura ya 9, ubeti wa 26, inataja jani, ua, tunda na maji, na kwamba kinachopokelewa ni upendo wa anayetoa.

## Hatua ya 1: Kaa na watu wa nyumbani kwanza

Chagua jioni isiyo na haraka. Wawepo mwenza wako, mama mkwe kama mnaishi naye, na watoto wanaoelewa. Usiwatangazie uamuzi. Uliza: nani anaingia bafuni wa kwanza? Nani anabandika chai? Nani anawatoa watoto kwenda shule? Kisha omba dakika zako ndani ya mpangilio huo.

Kwa mama mkwe anza kwa heshima (Ba ni mama kwa Kigujarati): "Ba, natamani taa iwe inawaka kila asubuhi kabla sijatoka. Naomba unisaidie kupata nafasi." Mama aliyeombwa ushauri atakulindia hizo dakika. Aliyeshtukizwa na kengele saa kumi na moja atakuwa na la kusema, na atakuwa na haki.

Sababu ya hatua hii ni kwamba puja inayofanyika wakati mwenzako anahangaika peke yake na chai, sare na mtoto anayelia, inazaa chuki taratibu. Dharma, yaani wajibu wa kidini, ya mwenye nyumba ina mambo wa kila siku wa aina tano: kwa miungu, kwa wahenga walioacha maandiko, kwa wazee waliotangulia, kwa binadamu, na kwa viumbe wengine. Kumvisha mtoto sare na kumkaribisha mgeni anayepiga hodi vimo humo humo. Anayeacha vinne ili atimize kimoja amepunguza ibada yake.

Utajua imefaulu: kila mtu ndani ya nyumba anaweza kusema puja ni saa ngapi na nani anashika nini wakati huo.

## Hatua ya 2: Tafuta saa yako kwa jua la Mwanza

Maandiko yanasifu muda wa Brahma muhurta, unaoanza dakika 96 kabla ya jua kuchomoza na kuisha dakika 48 kabla ya jua. Kosa linakuja pale mtu anaponakili saa ya kwingine.

Hapa kwetu jua huchomoza karibu saa 12:25 asubuhi mwanzoni mwa Novemba, na huchelewa mpaka karibu saa 1 kasoro mwezi Februari. Dar es Salaam hututangulia kwa takriban dakika 20 hadi 30, kutegemea msimu. Kwa hiyo Brahma muhurta ya Mwanza huanza kati ya saa 10:50 na saa 11:20 alfajiri. Aliyekuambia saa tisa na nusu anakunyima usingizi bure.

Sasa hesabu kurudi nyuma. Ukitakiwa kutoka nyumbani saa 12:30, na watoto waamke saa 11:30, basi nafasi yako ni saa 11:00 hadi 11:25. Ukilala saa sita usiku kwa sababu ya hesabu za duka, usijilazimishe. Gita 6:16 inasema wazi kuwa yoga si ya mtu anayelala kupita kiasi wala ya anayejinyima usingizi. Fanya baada ya jua kuchomoza, lakini iwe saa ile ile kila siku, kwa sababu mwili hushika saa kuliko nia.

Jioni jua huzama kati ya saa 12:40 na saa 1:10. Kama ndio kwanza uko foleni Igoma, washa taa ukifika. Aliyetangulia nyumbani anaweza kuiwasha kwa niaba yenu wote.

Tahadhari: kengele ya simu iwe nje ya chumba cha kulala cha watoto. Mtoto mchanga akiamka saa kumi na moja, asubuhi yote imekwisha.

## Hatua ya 3: Weka kiwango cha chini, dakika kumi

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Unahitaji ibada fupi ambayo utaiweza hata siku mbaya kuliko zote, na nyingine ndefu ya Jumapili na sikukuu. Wengi wana ile ndefu tu, hivyo siku wakikosa saa nzima wanakosa vyote.

Mpangilio wa dakika kumi ni huu:

1. Ukishaoga na kuvaa nguo safi, futa rafu. Ondoa maua ya jana na uyaweke kwenye shina la mti au chungu cha tulsi (mrehani mtakatifu). Usiyatupe na taka za jikoni.
2. Mimina maji mapya kwenye lota.
3. Washa taa, kisha kijiti kimoja cha ubani.
4. Gonga kengele, soma mantra (maneno matakatifu) yako.
5. Zungusha arati, yaani taa mbele ya sanamu, upande inakoendea mishale ya saa.
6. Weka prasadi, chakula cha kutolea: ndizi mbivu, kipande cha papai, au sukari kidogo. Utaigawa wakati wa chai.

Utambi ndio unaowasumbua wageni wa kazi hii, nami nawaona wengi wakikata tamaa kwa kitu kidogo hivi. Chukua pamba kiasi cha korosho moja, ondoa mbegu au taka kama ni pamba ya shambani, ivute iwe ndefu, kisha iviringe kati ya viganja mpaka ikaze. Pamba iliyolegea hunywa samli yote na kuzima. Iliyokazwa mno haipandishi samli. Loweka utambi wote kwenye samli iliyoyeyuka, uache ncha fupi tu itokeze kwenye mdomo wa taa. Ncha ikiwa ndefu moto unatoa moshi na dari inashika masizi. Viringa tambi za wiki nzima Jumapili jioni, watoto wasaidie, zihifadhiwe kwenye kopo kavu.

Samli iwe kidogo. Anza na nusu kijiko cha chai, na Jumapili ukiwa nyumbani angalia inawaka muda gani kwenye taa yako. Lengo ni iishe yenyewe kabla hujafunga mlango. Isipoisha, funika kwa kile kifuniko cha chuma, kwa kuwa wengi wetu hatupulizi taa ya ibada kwa mdomo. Usitoke kamwe na taa inawaka ndani ya nyumba isiyo na mtu mzima. Upepo wa ziwa unaweza kupeleka pazia kwenye moto mara moja.

Kuhusu mala: hesabu kwa kidole gumba na cha kati, cha shahada kisiguse, na ukifika punje kubwa ya meru geuza, usiivuke. Mantra fupi kama *Om Namah Shivaya* mara 108 itakuchukua dakika tano au zaidi kidogo. Gayatri mara 108 inataka robo saa na ziada. Muda usipotosha, soma mara 11 au 27 kwa utulivu. Zilizobaki unaweza kuzisoma kimoyomoyo kwenye daladala, mala ikiwa mfukoni. Japa (kurudia mantra) ya moyoni haihitaji mkeka wala ukimya.

Usipandishe kiwango mpaka umemaliza mwezi mzima, tangu mwezi mpevu mmoja hadi mwingine.

Utajua imefaulu: umeme umekatika, mtoto ana homa, gari limeharibika, na taa bado iliwaka.

## Hatua ya 4: Ekadashi katika siku ya kazi

Ekadashi ni 24 kwa mwaka, na 26 mwaka wenye mwezi wa ziada kwenye kalenda ya Kihindu. Maswali ni mawili: tarehe na chakula.

Tarehe kwanza, maana ndiyo inayogombanisha familia. Tithi, yaani siku ya mwezi mwandamo, huanza kwa wakati mmoja duniani kote, lakini siku ya kufunga huamuliwa na tithi iliyopo jua linapochomoza mahali ulipo. Jua la Ahmedabad hutangulia letu kwa takriban saa mbili hadi zaidi ya tatu, kutegemea msimu. Tuseme ekadashi inaanza Jumanne saa 1 asubuhi kwa saa za India, jua la kule likiwa limeshachomoza. Kwao siku ya kufunga itakuwa Jumatano. Wakati huo Mwanza ni saa 10:30 alfajiri ya Jumanne, jua bado, kwa hiyo kwetu Jumanne yaweza kuwa ndiyo siku yenyewe. Kalenda ya karatasi iliyochapwa India haikujui wewe. Tumia panchang ya Mwanza, na kama sampradaya (madhehebu) yako imetangaza tarehe, fuata tangazo hilo mfunge pamoja. Kubishana na shangazi yako kuhusu siku hakuongezi thawabu.

Chakula: nafaka zote na jamii ya kunde haziliwi. Hiyo inaondoa ugali, wali, chapati, kande, na hata yale maharage ya mama ntilie yanayokuokoa siku nyingine. Bahati yetu ni kwamba soko la Kirumba na lile la mjini limejaa vinavyoruhusiwa: viazi vitamu, mihogo, viazi mviringo, ndizi, papai, maembe ya msimu, maziwa, na karanga, ambazo kwa desturi ya wengi hazimo kwenye katazo la kunde. Sabudana, zile punje nyeupe za kupika siku ya kufunga, yenyewe ni wanga wa muhogo.

Chemsha viazi vitamu usiku wa kuamkia, ufunge na karanga za kukaanga na ndizi mbili. Hicho ni chakula cha mchana kamili ofisini. Chumvi iwe ya mawe kama ndio utaratibu wenu. Chipsi za barabarani ziepuke, si kwa sababu ya viazi, bali mafuta yale yamekaangia kuku na samaki.

Usianze na kufunga bila maji. Mwanza kuna joto la mchana, na mtu anayesimama dukani au wodini siku nzima anahitaji kunywa. Anza kwa kuacha nafaka peke yake, miezi michache. Mwenye kisukari, mjamzito, anayenyonyesha, anayetumia dawa zinazotaka chakula: ongea na daktari wako kwanza. Mapokeo yetu yanawaruhusu wagonjwa, wazee na watoto wasifunge, na wanaweza kuishika siku kwa mantra tu.

Kesho yake fungua baada ya jua kuchomoza, ndani ya muda wa parana (kufungua) ulioandikwa kwenye panchang. Uandike kwenye kalenda ya jikoni, kwa kuwa asubuhi ya kukimbilia kazini ndiyo husahaulisha.

Utajua imefaulu: umemaliza siku ya kazi bila kumkaripia mtu kwa njaa.

## Hatua ya 5: Panga na kazini mapema

Diwali, sikukuu yetu ya taa, si sikukuu ya kitaifa Tanzania. Wala Holi na Janmashtami. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa likizo ya mwaka ya siku 28 mfululizo zenye malipo, na humo ndimo utatafuta siku zako, kwa makubaliano na mwajiri.

Januari, toa tarehe za mwaka kwenye panchang. Diwali huangukia kati ya katikati ya Oktoba na katikati ya Novemba. Miaka mingine Siku ya Nyerere, Oktoba 14, huwa ndani ya Navratri, na hapo umepata siku bila kuomba. Kisha andika barua fupi, isiyojitetea:

"Naomba siku moja ya likizo yangu ya mwaka, tarehe fulani, kwa ajili ya Diwali, sikukuu ya dini yangu. Kazi yangu itashikwa na fulani, ambaye tumeshakubaliana. Nitakuwa tayari kushika zamu yake wakati wa Krismasi."

Sentensi ya mwisho ndiyo inayofungua milango. Mwenzako Mkristo anataka Desemba 25, Mwislamu anataka Idi, na wewe uko huru siku hizo. Mkishabadilishana mwaka mmoja, mwaka wa pili watakukumbusha wao.

Kwa Navratri usijiahidi usiku wote tisa wa garba (ngoma ya ibada) kama asubuhi unaendesha gari au unashika sindano ya mgonjwa. Chagua usiku wa kwanza, wa ashtami (wa nane) na wa mwisho, na zingine uwashe taa nyumbani. Mwenye duka anayefanya chopda pujan, ibada ya vitabu vya hesabu wakati wa Diwali, afunge mapema jioni hiyo na aweke daftari, au kompyuta anayotunzia hesabu, mbele ya Lakshmi, mungu wa kike wa mali. Mteja wa kawaida aambiwe siku moja kabla.

Na jambo moja nasema kwa msisitizo: anayechelewa kazini kila siku kwa sababu ya puja amemtwisha mwenzake mzigo wa ibada yake. Gita 18:46 inafundisha kwamba mtu hufikia ukamilifu kwa kumwabudu Mungu kupitia kazi yake mwenyewe. Saa za mwajiri zimo ndani ya ibada hiyo.

Wanaofanya kazi kwenye viwanda na masoko ya samaki, ambao ni wengi mji huu: viatu na mavazi ya kazi vibaki nje ya mlango, oga, ndipo ukae mbele ya rafu. Hakuna zaidi.

## Hatua ya 6: Gawa kazi za ibada, usizimiliki

Mtoto mmoja alete ua, mwingine agonge kengele, mkubwa azungushe arati. Dakika mbili zinatosha. Wakati wa mitihani mwache asome, usimfanye achukie kengele.

Nyumba nyingi mwanamke akiwa hedhini hagusi madhabahu. Ibada ikimtegemea yeye peke yake, huvunjika kila mwezi. Mfundishe mume na mtoto mkubwa kuviringa utambi na kuwasha taa, kila mmoja aweze peke yake.

Dada wa kazi asiamriwe kushiriki, wala asikwazwe kwenda kanisani au msikitini kwake. Mwenza asiye Mhindu vivyo hivyo: omba nafasi na utulivu, usiombe aamini.

Utajua imefaulu: umesafiri, umerudi, umekuta maua mapya kwenye rafu.

## Hatua ya 7: Ziwa, kwa adabu na tahadhari

Wengi wanataka kumtolea Surya, mungu jua, maji wakiwa wamesimama ziwani. Usifanye hivyo kwa mazoea. Maji ya kina kifupi ya Ziwa Victoria yana kichocho, na sehemu nyingine kuna mamba na viboko. Simama uani au barazani, elekea mashariki, mimina maji ya lota polepole kwenye chungu cha tulsi au kwenye mti.

Sanamu ya Ganesha, ile ya kuzamishwa majini mwisho wa sikukuu yake, iwe ya udongo usiopakwa rangi. Izamishe kwenye ndoo nyumbani, ikiyeyuka mwagia mimea. Plasta na rangi za dukani zisiingie ziwani, maji hayo hayo tunakunywa na wavuvi wanayategemea.

## Hatua ya 8: Siku ambazo ratiba itavunjika

Zamu ya usiku: puja yako ni ukirudi na kuoga, kabla ya kulala, hata kama ni saa tatu asubuhi. Safarini: picha ndogo, maji kwenye kikombe, mantra mara 11.

Msiba ni mgumu zaidi. Sheria ile ile ya 2004 inatoa siku nne zenye malipo kwa kifo cha mtoto, mwenza, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada. Sutak, kipindi cha kujitenga na ibada baada ya kifo, kwenye familia nyingi huenda siku 10 hadi 13. Ongea na mwajiri mapema, uchukue siku za likizo ya mwaka kwa ibada za siku ya 12 na 13 ambazo lazima uwepo, na katikati urudi kazini ikibidi, ukiwa umewaambia wazee wa familia sababu. Kipindi hicho hatugusi madhabahu, lakini japa ya moyoni haikatazwi.

Ukisharudi, usijaribu kulipa deni la siku zilizopita kwa puja ya saa mbili. Oga, futa rafu, badilisha maji, washa utambi mmoja, soma dakika kumi, nenda kazini. Baada ya siku saba za namna hiyo rudisha ibada ndefu ya Jumapili, na kwenye kalenda ya jikoni andika tarehe ya ekadashi inayofuata.